Uyoga Uliomrudia Bibi

Bibi yangu alishika pedi ya gemu kwa mara ya kwanza Jumamosi moja ya mwaka 1997, baada ya sala ya alasiri, ungo wa mchele ukiwa bado mapajani. Hakuomba. Alininyooshea mkono kama mtu anayedai chenji yake, nami nikampa, kwa sababu zamu ilikuwa yangu na mjukuu hamnyimi bibi yake kitu. Watoto wa mtaa waliojaa ukumbini wakanyamaza. Kwenye TV yetu ya chogo Mario alikuwa amesimama upande wa kushoto, nyuma yake kilima cha kijani, mbele yake uwanja mtupu.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita mpaka leo, "huyu bwana anakwenda wapi?"

Nikafungua mdomo nimweleze. Kabla sijatoa neno alikuwa ameshajijibu mwenyewe. Kidole gumba chake kilikuwa kwenye mshale wa kulia, na Mario anatembea.

Nimecheza gemu nyingi tangu siku ile, nyingine zenye picha nzuri kuliko sinema, lakini kila nikitaka kumweleza mtu kwa nini naipenda Super Mario Bros. narudi kwenye dakika kumi za Bibi. Bibi anasoma Kurani kwa herufi za Kiarabu na anajua hesabu kama mfanyabiashara yeyote wa vitumbua, ila herufi za Kizungu hazijui. Kijapani hakijui kabisa. Na gemu ile haikumhitaji ajue.

Mashine ilikuja na mjomba, baharia, aliyerudi kutoka Dubai na boksi lililozungushiwa gundi ya karatasi mpaka tukalifungua kwa kisu cha jikoni. Ndani mlikuwa na mashine nyeupe, pedi mbili, bunduki ya plastiki, adapta iliyopata moto kiasi kwamba tulilazimika kuipumzisha kila baada ya saa moja, na kaseti ya njano. Kibandiko cha kaseti kilidai kuna gemu 9,999,999. Tulizihesabu siku mbili tukaacha. Zilikuwa kumi na kitu tu, zimerudiwarudiwa kwa majina mengine. Mario peke yake alijitokeza mara nyingi: hapa anaanzia dunia ya kwanza ya gemu, pale ya tatu, kwingine ya saba. Ukiunga waya wa antena, unazungusha kitufe cha chaneli taratibu, unapita chenga, chenga, chenga, halafu ghafla anga ya buluu. Mtoto aliyeweza kuipata anga ile kwa mara moja aliheshimika mtaani.

Hatukujua kwamba tulichoshika ni nakala. Mashine halisi inaitwa Family Computer, Wajapani wakaikata ikawa Famicom, na ilitolewa na Nintendo, kampuni ya Kyoto, Julai 1983. Viwanda vya Taiwan na baadaye vya China viliinakili kwa miaka mingi, na nakala hizo ndizo zilizoingia Urusi, Poland, Afrika Kusini, nchi za Ghuba, na kwetu pwani. Super Mario Bros. yenyewe ilitoka Japani tarehe 13 Septemba 1985. Ilipofika Ngamiani, Tanga, ilikuwa na miaka 12, na huko ilikozaliwa watoto walikuwa wameshahamia Nintendo 64. Kwetu ilikuwa kama mkate uliotoka tanuruni sasa hivi.

Aliyekulia kwenye mabanda ya video anaijua kanuni: steringi hafi. Hata apigwe risasi ngapi, steringi anainuka, anajifuta vumbi, anamaliza kazi. Sasa huyu Mario, fundi bomba mwenye masharubu na kofia, ni steringi wa namna gani? Anaweza kufa mara thelathini kwa saa moja. Anakufa kwa kuguswa na uyoga wenye miguu, kwa kugongana na kobe, kwa kuingia shimoni. Lakini tazama anavyokufa: anakugeukia uso, anaruka juu mikono imenyanyuliwa, kisha anadondoka nje ya picha, na kijiwimbo kifupi cha kuchekesha kinalia. Hakuna damu, hakuna anayelia. Ukumbi mzima unaangua kicheko na pedi inahamia kwa mwingine, kwa sababu ukichagua wachezaji wawili, Luigi hapati zamu mpaka Mario afe. Kwenye nyumba yenye watoto kumi na mbili na pedi zinazopiganiwa, utaratibu huo ulikuwa wa haki kuliko wowote ambao mtu mzima angeweza kutupangia. Kifo chako kilikuwa furaha ya mwenzako, na hakuna aliyekikasirikia.

Narudi kwa Bibi.

Alipotembea kidogo akakutana na ule uyoga wa kahawia unaokuja kwa miguu. Ukamgusa, akafa. Tukacheka, naye akacheka. Mara ya pili akabonyeza vitufe vyote kwa pamoja, Mario akaruka, akaanguka juu ya uyoga, ukabapa kama chapati na kutoweka. "Kumbe anakanyagwa!" Akasogea. Juu kulikuwa na boksi linalometameta lenye alama ya kuuliza. Akaruka, akaligonga kwa kichwa, sarafu ikachomoka na mlio wake wa noti mbili. "Kumbe mna hela!" Akagonga lililofuata. Safari hii haikutoka sarafu. Ulichomoza uyoga mwingine, mwekundu, ukateleza kwenda kulia.

Hapa Bibi akaogopa. Alishajifunza kwamba uyoga unaua. Akasimama. Uyoga ukadondoka chini, ukaenda ukagonga bomba la kijani, ukageuka, ukaanza kumjia. Bibi akaruka kuukwepa, lakini juu yake kulikuwa na safu ya matofali, Mario akagonga kichwa akarudishwa chini, akaangukia uyoga ule ule aliokuwa anaukimbia. Mario akawa mkubwa mara mbili.

"Kumbe!" akasema Bibi, na ungo ukamdondoka. Tuliokota mchele mpaka magharibi.

Miaka mingi baadaye nikaja kujua kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotokea kwa bahati. Mtengenezaji mkuu wa gemu hii, Shigeru Miyamoto, ameeleza hatua ile ya kwanza kipande kwa kipande. Mario amesimama kushoto ili nafasi tupu iliyo kulia ikuvute. Uyoga mbaya unakuja mapema ili ujifunze kuruka kabla hujapoteza kitu cha maana. Bomba limewekwa pale ili uyoga mzuri uligonge na kurudi. Na yale matofali ya juu yapo kusudi anayekimbia ashindwe kukimbia, apate wema anaouogopa. Mtu aliyekaa Kyoto alikuwa ameshamwona Bibi yangu, akajua atakachoogopa, akamwekea bomba.

Miyamoto alizaliwa 1952 katika mji mdogo wa Sonobe, na ameeleza kwamba utotoni aliwahi kukuta pango akaingia kulichunguza na taa mkononi. Naiona taa ile kila Mario anapoingia bomba na anga la buluu kugeuka giza la chini ya ardhi. Yeye na mwenzake Takashi Tezuka walichora hatua za gemu kwa mkono kwenye karatasi za miraba, mraba kwa mraba, kisha wakawapelekea waandika programu. Marekebisho waliyachora kwenye karatasi nyepesi ya kupitisha mwanga, wakaibandika juu ya mchoro wa kwanza. Na kinachonifurahisha kupita vyote ni kwamba hatua ya kwanza kabisa hawakuianza kwanza. Miyamoto amesema huwa wanatengeneza hatua nyingine, wanajua gemu yenyewe ina raha gani, ndipo wanarudi mwanzo kuandaa mlango wa kuingilia. Hata ule uyoga mbaya uliongezwa mwishoni, walipoona kwamba kobe ni adui mgumu mno kwa mtu anayeanza.

Wakati huo nafasi ndani ya kaseti ilikuwa imekaribia kwisha. Gemu nzima, dunia 8 zenye hatua 4 kila moja, muziki wote, maadui wote, imekaa kwenye kilobaiti 40. Picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp inaizidi. Kwa hiyo uyoga mbaya ulichorwa picha moja tu ya kutembea, inageuzwa kushoto kulia, kushoto kulia, na jicho lako linaona hatua za miguu. Mawingu ya juu na vichaka vya chini ni mchoro mmoja: ukipakwa nyeupe ni wingu, ukipakwa kijani ni kichaka. Nilipoelezwa hili nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, nimeyatazama mawingu yale maelfu ya mara, na nikasema neno lile lile la Bibi.

Nadhani neno hilo ndilo linalobeba gemu yote. Kumbe bomba linaingilika. Kumbe ukishikilia kitufe anaruka juu zaidi, ukikigusa tu anaruka kidogo. Kumbe kobe ukimkanyaga anajificha, na gamba lake ukilipiga teke linafagia maadui wote mbele yako, halafu kumbe likigonga ukuta linakurudia wewe. Kuna sehemu katika hatua ya kwanza ambapo ngazi mbili za mawe zinaelekeana na katikati pana bonde lenye sakafu. Ukianguka pale, unapanda tena. Mbele kidogo kuna ngazi mbili nyingine zinazofanana nazo kabisa, ila safari hii katikati ni shimo. Umeshafanya mazoezi bila kuambiwa kwamba ni mazoezi. Sijawahi kupata mwalimu mpole kama huyo.

Ndiyo maana nashindwa kuvumilia gemu nyingi za simu siku hizi. Unaifungua, inakufunga mikono, mshale mkubwa unakuelekeza: bonyeza hapa, sasa hapa, hongera, bonyeza tena. Dakika tano nzima unaongozwa kama mgeni anayeshikwa mkono kuonyeshwa choo. Kumbe yako imechukuliwa kabla hujaifikia.

Lakini siwezi kuisifu Super Mario Bros. kwa kila kitu. Hatua za majini sikuzipenda. Mario anaogelea pole pole kama aliyevaa koti la mvua, na ule mruko ambao ndio utamu wa gemu unapotea, ingawa muziki wake, wa mtindo wa waltz, ndio mzuri kuliko yote. Na zile ngome zenye njia zinazojirudia, ya dunia ya nne, ya saba na ya nane, zilitusumbua kwa wiki kadhaa. Ukichagua njia isiyo sahihi unarudishwa ulikotoka bila hata dalili ya kukuonyesha umekosea wapi. Gemu iliyotufundisha kwa upole ikatuacha gizani. Hapo naona walikosea, na nimelisema hili mara nyingi mbele ya watu wanaoipenda kama mimi.

Pia hairudi nyuma. Skrini ikishasogea, ulichokipita kimepita. Bibi aliona sarafu kaiacha, akataka kuifuata, Mario akagonga ukingo wa TV kama mtu aliyefungiwa mlango. "Basi," akasema, "wataokota wengine."

Umeme ulikuwa unakatika, tena sana. Gemu hii haina mahali pa kuhifadhi ulipofika, kwa hiyo umeme ukikatika dunia ya saba, ukirudi unaanza ya kwanza. Binamu yangu mkubwa ndiye pekee mtaani aliyewahi kumfikia binti mfalme ambaye Mario anamtafuta, na ilikuwa saa nane usiku, wakati umeme umetulia. Kabla ya hapo tulishashinda ngome saba, na katika kila moja alitutokea yule mdogo mwenye kama kilemba na maneno ya Kiingereza. Binamu alitutafsiria: anasema asante Mario, lakini binti mfalme yuko kwenye ngome nyingine. Sikumbuki mtu yeyote aliyekata tamaa. Ngome nyingine maana yake kuna gemu zaidi.

Jambo ambalo hatukulijua, kwa kuwa boksi letu halikuwa na kitabu cha maelekezo, ni kwamba ukimaliza maisha yako yote na kurudi kwenye skrini ya mwanzo, ukishikilia kitufe cha A ukabonyeza cha Start, unaanzia dunia ile uliyofia. Laiti mtu mmoja angekibonyeza hivyo kwa bahati mbaya! Kwenye chumba chenye vidole vile vyote, haikutokea.

Mwaka 2011 nilicheza mashine halisi ya Kijapani kwa mara ya kwanza, nyumbani kwa rafiki Dar es Salaam anayekusanya vitu vya zamani. Nikashtuka. Mario alikuwa anakimbia mno, na sauti haikuwa ile ya kwetu. Nikadhani mashine yake ina hitilafu. Yenye tofauti ilikuwa yetu. TV za Japani za enzi hizo zilionyesha picha 60 kwa sekunde, za kwetu za mfumo wa PAL zilionyesha 50, na mashine za nakala zilizotengenezwa kwa mfumo huo ziliendesha gemu ile ile ya Kijapani kwa mwendo wa TV zetu. Mario wa Tanga alikuwa mpole kwa asilimia 17. Sauti nayo ina kisa chake. Gemu hii inaimba kwa sauti chache tu za Famicom: mbili kali, moja nzito ya chini, na moja ya mvumo kama wa chenga za TV, ambayo ndiyo inayopigiwa ngoma. Koji Kondo alitunga muziki wote kwa hizo. Nakala nyingi zilikosea mpangilio ndani ya chipu ya sauti, zile mbili kali zikatoka na ladha nyingine. Wimbo wenyewe ni ule ule ambao mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza katika hazina yake ya rekodi za kuhifadhiwa, muziki wa kwanza wa gemu kupewa nafasi hiyo. Mimi ninaoubeba kichwani ni ule uliokosewa. Bibi naye, akipepeta mchele, alikuwa akiuvumisha ule uliokosewa.

Kuna faida moja katika upole ule. Saa iliyo juu ya skrini inaanza na 400 na kushuka, lakini hazihesabiwi sekunde. Kila namba ni picha 24. Japani 400 hizo zinakwisha kwa dakika 2 na sekunde 40 hivi. Kwetu zilikwenda dakika 3 na sekunde 12. Bibi alipewa sekunde 32 zaidi ya walizopewa watoto wa Kyoto, na alizitumia zote.

Kwa sababu Bibi hakutaka kwenda hatua ya pili. Alijaribu mara moja, akaona giza la chini ya ardhi, akasema kwake yeye panatosha juu. Kwa miezi kadhaa, kila siku baada ya alasiri, alicheza hatua ya kwanza tu. Alianza kuijua kama njia ya kwenda sokoni. Alijua boksi lipi lina nini, alisimama juu ya bomba kupumzika, na mwisho alipanda ngazi za mawe akaruka kwa nguvu zote, yeye mwenyewe akiinuka kwenye mkeka, ili ashike mlingoti wa bendera juu kabisa. Kisha Mario anaingia ngomeni, na siku nyingine fataki zinapasuka angani. Siku nyingine hakuna.

Zile fataki zilimshughulisha. Alishikilia kwamba zinatoka ukishika mlingoti vizuri. Sisi tukasema ni kwa kuua maadui wengi. Binamu akasema ni bahati tu. Kila jioni palikuwa na mjadala. Halafu ikaja jioni ambayo Bibi alicheza kuliko tulivyowahi kumwona, hakuguswa na adui hata mmoja, akakamata mlingoti kwenye ncha, akaweka pedi chini akakunja mikono kusubiri. Fataki ya kwanza ikapasuka. Ya pili ikapasuka. Umeme ukakatika.

Kilio kilichotoka ukumbini kilisikika msikitini.

Kanuni ya fataki nimeijua nikiwa mtu mzima. Inategemea namba ya mwisho ya saa wakati unaposhika mlingoti. Ikiwa 1, inapasuka fataki moja. Ikiwa 3, tatu. Ikiwa 6, sita. Namba nyingine yoyote, hakuna kitu. Mwezi uliopita nilipokuwa napanga kuandika makala hii nilimpigia simu Tanga. Amevuka miaka themanini, masikio yako vizuri. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mume wangu, akauliza habari za wanangu mmoja mmoja, nami nikamweleza mambo ya namba.

Akanyamaza muda.

"Na ile siku ya umeme?"

"Zilishapasuka mbili, Bibi. Kwa hiyo moja haikuwa. Ni tatu au sita."

"Sita," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia."